Swali la Tatu

Anastazia alipoingia kwenye ghala la pamba, redio ya baba yake kifuani na kitabu kwapani, hakuna aliyesogea kumpisha. Watu kumi na wanane, wengi wao wanawake, walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu. Wakamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwaka wa sabini na tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi aliyojitolea mwenyewe.

Wiki tatu nyuma, Bwana Afya alikuja kijijini Zombo kutoka Kilosa akaomba watu wa kuongoza vikundi. Kila kikundi kingesikiliza kipindi cha afya redioni, kijadili, kisha kichimbe vyoo na kusafisha visima. Malipo hakuna, alisema, ila shukrani ya wenzako. Wanaume wakaanza kukagua kucha zao. Anastazia, binti wa miaka ishirini na moja, akanyoosha mkono.

"Unajitolea kwa watu wanaotuita wakuja mwaka wa ishirini huu?" baba yake alimuuliza jioni ile. Mzee Lupakisyo alitoka Tukuyu akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya Kilosa, na mkataba ulipokwisha akabaki. Zombo alipata shamba na akamzika mkewe hapo, lakini bado waliomchukia walimwita manamba.

"Ndio watu tulio nao, baba," Anastazia alimjibu.

Hilo lilikuwa kweli. Lakini alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia baba yake, na sababu hiyo ilikuwa imekaa nyuma kabisa ya ghala, imeegemea nguzo, imevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Ilikuwa inamwangalia kwa macho yale yale yaliyomnyima usingizi tangu kiangazi kilichopita.

Kondo.

Walikuwa wakikutana kwa siri mwaka mzima sasa, njia ya mtoni. Kondo alikuwa ameahidi kwamba pamba ikishavunwa atamwambia mama yake. Na Anastazia, katika ujinga wa mapenzi, alikuwa amefikiri: mama yake akiniona nasimama mbele za watu, nafanya jambo la maana, labda hatauliza tena mimi ni wa kabila gani na nasali wapi.

Mama huyo, Bi Mwanakheri, alikuwa amekaa mbele kabisa, kanga imefungwa kwa nguvu, mdomo umefungwa zaidi.

"Ndugu zangu," alisema balozi Simoni, kiongozi wa nyumba kumi zile, "huyu binti ndiye atakayetufundisha afya."

"Kazaa wangapi?" sauti ya mwanamke iliuliza. Alikuwa Magreti, ambaye habari ikifika kwake asubuhi, jioni iko vijiji vya Ulaya na Kidodi.

Watu wakacheka. Anastazia akawasha redio. Betri alikuwa amezianika juani tangu asubuhi, zikaitikia vizuri, na kwa nusu saa sauti ya mtu wa mbali ikasema juu ya nzi, kinyesi na maji ya kunywa. Kipindi kilipokwisha alifungua kitabu cha maswali alichopewa Kilosa.

"Swali la kwanza. Maji ya kunywa tunachota wapi?"

"Wewe mwenyewe hujui? Si unachota hapo hapo?" alijibu Magreti.

"Swali la pili. Katika nyumba zetu kumi, nyumba ngapi zina choo?"

"Pori ni kubwa, mwanangu," alisema mzee mmoja. "Hatujalimaliza."

Kicheko kikubwa zaidi. Anastazia alihisi masikio yanawaka moto. Alitupa jicho nyuma, akitafuta msaada. Kondo akainamisha macho.

Basi akasoma swali la tatu haraka haraka, ili limalizike.

"Ni nani kati yetu amefiwa na mtoto kwa ugonjwa wa kuhara mwaka huu au mwaka uliopita?"

Ghala likanyamaza. Si kunyamaza kwa watu wanaofikiri. Lilikuwa kama mtu aliyeshtuka akabana pumzi. Kisha, mmoja mmoja, vichwa vikageuka kumtazama Bi Mwanakheri.

Hapo ndipo Anastazia alipokosea. Kwenye mafunzo ya siku tatu kule Kilosa waliambiwa: ukiona watu wanamtazama mmoja, mpe huyo nafasi aseme. Yeye alijua kwamba Kondo alikuwa na mdogo wake, Siwema, aliyefariki masika iliyopita akiwa na miaka mitatu. Kondo alikuwa amemwambia ni homa.

"Bi Mwanakheri," alisema kwa upole, "ungependa kutusimulia?"

Mama yule aliinuka taratibu. Hakuwa mrefu, lakini aliposimama Anastazia alijiona amepungua.

"Nikusimulie," alisema. "Nikusimulie nini? Kwamba nilimuua mwanangu?"

"Hapana, mama, sikusema hivyo. Kitabu kina..."

"Kitabu! Mtoto wangu hata nyasi hazijaota vizuri kaburini, wewe unamleta hapa, unamweka katikati ya magunia, watu wamtazame! Umetumwa na nani? Nani kwenu aliyewahi kunipa pole? Baba yako alikuja kuzika? Alikuja?"

"Mama, nisamehe, mimi sikujua..."

"Hukujua. Mtoto wa manamba, hujui hata kaburi la babu yako liko upande gani, utajua la mwanangu?"

Hakuna aliyemzuia. Balozi Simoni alikuwa akikunakuna kidevu. Kisha Bi Mwanakheri akageuka nyuma, na macho yake yakamtafuta mwanawe.

"Kondo! Hebu nieleze wewe. Nasikia maneno ya chini chini hapa kijijini. Huyu binti unamjua?"

Anastazia alimgeukia Kondo. Ilikuwa nafasi mbaya kuliko zote, lakini ilikuwa nafasi. Alimwona anafungua mdomo, anaufunga.

"Simjui zaidi ya wanavyomjua wengine, mama," Kondo alisema.

*

Kondo alimfuata kwa baiskeli hadi kwenye mashamba ya pamba, mahali ambapo njia inateremka kwenda mtoni. Anastazia alisikia mnyororo unalia nyuma yake, akazidisha mwendo.

"Anastazia! Simama. Nakuomba simama."

"Unamwita nani? Si hunijui?"

Kondo aliruka chini, baiskeli akaiacha ianguke yenyewe.

"Ulitaka niseme nini pale? Mama analia, watu wamejaa, na wewe ndiye uliyemliza!"

"Uliniambia homa."

"Ndivyo tulivyowaambia watu wote."

"Mimi ni watu wote?" Sauti ilimpasuka. "Mwaka mzima unaniambia mimi ni moyo wako. Umenieleza mpaka ng'ombe wa babu yako walivyokufa. Siwema alikufaje, hilo ndilo ulinificha?"

Kondo alitazama pembeni. Alikuwa kijana mzuri, mabega mapana, na Anastazia alichukia kwamba hata sasa, amekasirika hivi, mkono wake ulitaka kumfuta vumbi shavuni.

"Alikufa kwa tumbo la kuendesha," alisema hatimaye. "Siku mbili tu. Hatukuwahi hata kumfikisha Kilosa. Mama alikuwa anampa maji, anampa maji, na yanatoka. Shangazi zangu wakamwambia usoni kwamba ni uchafu wa nyumba yake. Tangu siku hiyo ikawa ni homa, na asiyesema homa haingii kwetu. Sasa umeelewa ulichofanya?"

"Nimeelewa," Anastazia alisema polepole. "Nimemuumiza mama yako, na nitamwomba radhi. Na wewe umenikana mbele za watu. Wewe utaomba radhi kwa nani?"

"Mambo haya yanaweza kutengenezeka," Kondo alisema, akimsogelea. "Nenda kwa balozi kesho, mrudishie kitabu. Mwambie kazi imekushinda. Mama akishapoa nitasema naye taratibu. Nipe mpaka baada ya mfungo."

"Nirudishe kitabu?"

"Kwani unalipwa? Nani atakulaumu? Wamekucheka wote, Anastazia. Mpaka Magreti!"

"Na mwakani akifa mwingine?"

"Hilo si juu yako!"

"Ni juu ya nani? Yako? Kisima chenu kiko chini ya kichaka mnakokwenda haja nyumba tatu nzima. Mvua ikinyesha, yote yanashuka. Umeishi hapo miaka ishirini na mitano, umeshika jembe kila siku, hujachimba hata shimo la kufika goti!"

Neno lile lilimpiga Kondo usoni.

"Basi chagua," alisema. "Hicho kikundi chako, au mimi. Vyote viwili hutavipata katika nyumba ya mama yangu."

Upepo ulipita juu ya pamba. Anastazia alimtazama kwa muda mrefu, kila kitu cha uso wake, nyusi, kovu dogo chini ya mdomo, kama mtu anayekariri njia ambayo hatapita tena.

"Umenichagulia mwenyewe kule ghalani," alisema. "Kwaheri, Kondo."

Akaondoka. Alitembea wima mpaka kwenye kona, mahali ambapo hakuonekana tena, ndipo akakaa chini kwenye nyasi na redio mapajani akalia mpaka kifua kikamuuma.

*

Siku mbili baadaye, asubuhi, alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Bi Mwanakheri. Hakuchukua kitabu. Baba yake alimwona anatoka, akamsindikiza kwa macho.

Bi Mwanakheri alikuwa uani anapepeta mpunga. Anastazia alisimama hatua chache kutoka kwake.

"Shikamoo, mama."

Ungo uliendelea kuruka. Pumba zilipeperuka zikamwangukia Anastazia miguuni.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuuliza jambo ambalo halikuwa la kuulizwa mbele za watu. Nilipaswa kuja hapa kwanza, nikae nawe, nikupe pole. Sikufanya hivyo. Nisamehe."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Njia ni hiyo uliyojia."

Anastazia aliinama kidogo kwa heshima, akageuka. Alikuwa amefika kwenye ua wa mabua sauti ilipomfuata.

"Mwanangu ana kasoro gani?"

Akasimama. "Mama?"

"Nakuuliza. Jana hakula. Nikambana mpaka akasema. Kumbe mwaka mzima mnanizunguka! Nikamwambia mwache. Akasema ameshaachwa. Nikamuuliza kwa lipi, akasema alikwambia uchague." Bi Mwanakheri aliweka ungo chini. "Wasichana wa hapa wanapishana mlangoni kwangu na mayai na salamu kwa ajili ya Kondo. Wewe umemwacha kwa ajili ya choo."

Anastazia alijua tu kwamba uongo usingemsaidia.

"Ndiyo, mama."

"Humpendi?"

"Nampenda." Machozi yalimjia bila kuitwa. "Nampenda mpaka sasa. Lakini nikirudisha kitabu leo kwa sababu nimechekwa, kesho nitapita hapa nione mtoto wa mtu anaugua, nitajitazama vipi?"

Bi Mwanakheri alimkazia macho. Uso wake haukulainika hata kidogo.

"Masika ulikuwa wapi?" aliuliza. "Wewe na redio yako. Siwema alipokuwa ananiita, mama maji, mama maji, nami nampa yale yale ya kisimani, kikombe baada ya kikombe. Mlikuwa wapi nyote mnaojua?"

"Nilikuwa hapa hapa, mama. Sikujua chochote. Hata mimi nilikuwa nayanywa."

Kuku alipita, akadonoa mpunga, na hakuna aliyemfukuza.

"Sijakusamehe," alisema Bi Mwanakheri. "Usije ukatoka hapa ukasema nimekusamehe."

"Sawa, mama."

"Na mwanangu sikupi. Hatusali pamoja, hatuli pamoja, na baba yako namjua kwa kisogo tu."

"Nimesikia, mama."

"Haya." Alijifunga upya kanga kiunoni, akapita mbele yake kuelekea nyuma ya nyumba. "Nionyeshe. Hilo shimo lenu linachimbwa wapi?"

Anastazia alimfuata, miguu haiamini. Alitazama mteremko, akaenda kisimani, akageuka akaanza kuhesabu hatua kwa sauti kuelekea upande wa chini, mbali na maji. Bi Mwanakheri alitembea kando yake, naye akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kwenye hatua ya thelathini Anastazia alichoma kijiti ardhini.

"Hapa."

"Lingekuwa ule upande wa juu lingekuwa karibu na nyumba."

"Lingekuwa karibu na nyumba, mama, na uchafu ungerudi kwenye kikombe."

Bi Mwanakheri alifumba macho kidogo. Kisha akapaza sauti, kwanza kwa Kisagara, halafu kwa Kiswahili ili na mgeni asikie.

"Kondo! Njoo na jembe na sururu!"

Kondo alitokea mlangoni, shati halijafungwa vifungo. Alipomwona Anastazia amesimama na mama yake juu ya kijiti kimoja, alibaki ameduwaa.

"Unashangaa nini? Chimba," alisema mama yake. "Huyu atakwambia kina. Akimaliza kukwambia, sitaki kusikia mnaongea lingine."

Akarudi jikoni kwake, lile banda la makuti lililokuwa wazi upande mmoja, akakaa akiwaona wote wawili.

*

Kondo alichimba. Kufikia adhuhuri alikuwa amezama hadi kiunoni, na jua lilipoanza kuelekea magharibi alikuwa shingoni. Anastazia alisimama juu na kamba ya ndoo. Udongo ukijaa anavuta, anamwaga, anaishusha. Hakusema ila "zaidi" na "panua hapo." Moyo wake ulikuwa bado unawaka. Kila mara Kondo alipoinua uso umejaa jasho na vumbi, alijilazimisha kutazama mikono yake mwenyewe.

"Anastazia," alinong'ona hatimaye. "Nilikukosea."

"Panua upande huo."

"Nasema nilikukosea. Niliogopa. Nimejuta siku mbili hizi mpaka nimejichukia."

"Unamwambia nani? Humo shimoni hakuna anayekusikia isipokuwa mimi." Aliivuta ndoo kwa hasira, udongo ukammwagikia Kondo begani. "Hukunikana shimoni. Ulinikana ghalani, watu kumi na wanane wanasikia. Kama unaomba radhi, nenda kaombe kule kule."

Kondo aliishika sururu, akapiga mara mbili, akaacha.

Wakati huo huo Magreti akatokea njiani na debe la maji kichwani, na wenzake wawili nyuma yake. Alipoona kichwa cha mtu kinachungulia ardhini akasimama.

"We Kondo! Mnazika nini hapo?"

Anastazia aligeuza uso. Alijua kitakachofuata: mzaha kidogo, kicheko, neno la kumruka tena. Alianza kukunja kamba ili aende zake.

"Nachimba choo, dada Magreti."

"Choo! Na wewe! Nani kakufundisha?"

Kondo aliweka sururu chini. Akashika kingo za shimo kwa mikono miwili, akajiinua mpaka mabega yake yote yakaonekana, na akasema kwa sauti ambayo ingefika hata ghalani.

"Mchumba wangu."

Debe la Magreti liliyumba, maji yakamshuka shingoni, wala hakujali. Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka.

"Mchumba wa nani?"

Bi Mwanakheri alikuwa ametoka nje, mwiko mkononi, na macho yake yalikuwa makali kama siku ile.

"Wangu, mama," alisema Kondo. Sauti ilimtetemeka lakini haikukatika. "Anastazia binti Lupakisyo. Namjua zaidi ya wanavyomjua wengine wote. Nilidanganya mbele za watu, na nyinyi dada zangu mlikuwepo mkasikia. Basi na hili mlisikie. Akinikataa, ni haki yake. Lakini mimi simkani tena."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanawake aliguna. Bi Mwanakheri alimtazama mwanawe, akamtazama Magreti aliyelowa, kisha akamtazama Anastazia kwa muda ambao Anastazia aliona hauishi.

"Shimo halijafika," alisema. "Chimba."

Akageuka kurudi jikoni. Kabla ya kuingia alisimama, bila kuwatazama.

"Na wewe binti, usidhani nimesikia kitu. Leo nimeziba masikio."

Magreti na wenzake wakaondoka mbio mbio, maji yakimwagika njia nzima. Kondo alirudi chini, akajaza ndoo, kisha akainua uso na kungoja, hathubutu kuuliza.

Anastazia bado alikuwa na hasira, na alitaka kubaki nayo kidogo. Lakini aliikunjua ile kamba, akaizungusha mkononi mara mbili, akakanyaga vizuri ukingoni, na akaanza kuvuta.